Bahasha Zilizofungwa Uzi Mwekundu

Nilisoma sheria jioni. Mchana nilibeba faili za wenyewe kortini, na giza likianza kuingia nikavuka barabara kwenda darasani na jasho la mahakama nzima shatini. Ilinichukua miaka mingi mno. Mwalimu wetu wa sheria ya ardhi tulianza naye akiwa na gari na nywele, tukamaliza naye akiwa na mkongojo. Siku niliyoapishwa kuwa wakili, watu wa kwetu walikodisha mabasi matatu. Sawa, lilikuwa moja, na halikujaa, lakini kelele zilikuwa za mabasi matatu.

Pale ofisini hakuna aliyekubali nisahau hizo jioni. Karani wetu mkuu, mama aliyeanza kazi pale kabla sijajua kufunga kamba za viatu, aliniita Wakili wa Jioni hadi siku aliyotoka. "Wakili wa Jioni, kunywa chai, imepoa kama masomo yako." Nilicheka. Mimi hucheka kila kitu. Watu wengi wamedhani ni roho nzuri.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, katikati ya Nakuru, juu ya duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa mzee Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, aliyeongea Kikuyu cha Subukia vizuri kuliko mimi niliyekinyonya na maziwa. Wateja wake walikuwa wakulima. Walipanda ngazi wakiwa na kuku, viazi na maziwa kwenye kibuyu cha plastiki, na wengi hawakuwa na kesi yoyote. Walikuja kuweka hati za mashamba. Nyumbani paa huvuja, panya hutafuna, na watoto hukua wakaanza kupiga hesabu. Bonde zima la Subukia lilijua kwamba karatasi ya maana hukaa kwa Mhindi. Sefu yetu ilikuwa kubwa hivi kwamba ng'ombe angeweza kuzalia mle na ndama asilie.

Mzee akafariki. Binti yake, wakili naye, akarudi kutoka Nairobi kushika ofisi, na akakuta kazi inatuponyoka mikononi. Mabenki yalikuwa yamepeleka faili zao kwa mawakili wa miji mikubwa. Upekuzi wa ardhi ulikuwa umeingia kwenye kompyuta, na mtu wa Njoro aliyetulipa zamani tumwangalizie shamba ni la nani sasa alijiangalizia mwenyewe akila chipsi. Vijana wasio na ofisi, wenye simu na chaja pekee, waliandika mikataba ya kuuziana ardhi wakiwa hotelini. Walikuwa wepesi, na nitakuwa mwongo nikisema walikuwa wabaya.

Bosi akaniita. "Wewe unajua hii ofisi kutoka chini mpaka juu," akasema. "Kuwa meneja. Nataka pafanane na biashara. Sai pamefanana na stoo ya mahindi."

Nilifurahi karibu nipasue shati. Wiki hiyo hiyo nikaleta mteja ambaye angetuokoa: kampuni ya kuuza ploti. Wanaotoka nje ya Nakuru wamewaona. Hununua shamba la mtu, hulikata vipande vya futi hamsini kwa mia, husimamisha geti la mawe na vikingi vyeupe, halafu wanaleta watu kwa basi waone. Walitaka wakili mmoja wa kazi yote, mwenye chumba kizuri cha mkutano chenye dirisha. Chumba pekee chenye dirisha kilikuwa na sefu.

Basi hati za wakulima zilibidi ziondoke.

Mpango niliubuni mimi, na niliupenda kama mtoto. Kila jina lililo kwenye hati litaandikiwa barua. Mwenye jina atakuja na kitambulisho, nitalinganisha herufi kwa herufi, atasaini fomu niliyoichora mwenyewe, atachukua karatasi yake, kwaheri. Asubuhi moja nikafungua sefu, nikatandaza bahasha za kaki juu ya meza tatu. Zilikuwa mamia, mimi husimulia kwamba zilikuwa maelfu. Nyingi zilikuwa wazi tu, lakini nyingine, labda moja kwa kila kumi, zilikuwa zimefungwa uzi mwekundu wa sufu, ule wa kufumia sweta za watoto. Uzi ulikuwa umeshika vumbi na kunuka. Nikachukua makasi.

Karani alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. "Wakili wa Jioni," akasema, "hizo nyuzi ungeuliza kwanza."

"Mathe," nikamwambia, "hii ni ofisi ya mawakili, si saluni. Ukitaka kusuka mtu, kuna kiti huko chini kwa duka la vitambaa."

Ofisi nzima ikacheka. Hata dereva wa kampuni ya ploti, aliyekuwa amekuja kupima dirisha, alicheka akashika ukuta. Karani akanitazama, akanywa chai yake. Alijua tayari kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu ya watu wa kustaafishwa mwezi huo, kwa sababu alikuwa ameichapa orodha hiyo yeye mwenyewe. Nilikuwa nimempa aichape bila kufikiri. Nami nikakata uzi baada ya uzi, nikajaza pipa la taka, nikatia kila hati kwenye mfuko mpya wa plastiki wenye namba.

Maana ya uzi nilikuja kuijua nikiwa nimechelewa, lakini msomaji hana haja ya kuchelewa nami. Uzi mwekundu ulikuwa sheria ya mzee. Ulimaanisha kwamba jina lililo kwenye hati si la mtu aliyeileta, na kwamba aliyeileta asipokuwepo, hati haitoki. Wajane walileta hati zenye majina ya wana wao. Dada walileta zenye majina ya kaka zao. Mzee hakuandika chochote, maana kuandika kungewaletea vita nyumbani. Alimwambia karani, "Funga," na karani alifunga.

Mmoja wa wenye uzi alikuwa mama wa Subukia, mjane. Mume wake, kabla ya kufa, aliandikisha shamba lao la ekari nne kwa jina la kifungua mimba, kwa kuwa ndivyo wanaume wa rika lake walivyoona ni sawa. Mama hakubishana. Alimzika mumewe chini ya miparachichi nyuma ya nyumba, akakamua ng'ombe wake, akachukua hati, akaileta kwa Mhindi. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa juu ya zile ekari nne.

Mwana wake alifika wiki mbili baada ya barua yangu. Mwanaume wa miaka kama arobaini hivi, alifanya kazi kwa mashamba ya maua Naivasha na kuishi chumba kimoja Karagita na mke na watoto. Alivaa jaketi safi na alikuwa na haya.

"Niaje, boss. Nimeletewa barua. Inasema nikuje nichukue title."

"Karibu. Kitambulisho?"

Nikalinganisha herufi kwa herufi. Nilikuwa makini kama daktari wa macho.

"Boss," akauliza, "si mathe ndiye anafaa kuwa hapa? Yeye amekuwa akisema haiwezi kutoka bila yeye."

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ngoja, nipige simu. Lakini nilikuwa meneja siku ya ishirini na kitu, na fomu yangu ilikuwa nzuri. "Mama yako hayumo kwenye hati," nikasema. "Soma. Ni wewe peke yako. Hii mali ni yako tangu siku iliyoandikwa."

Alisoma jina lake akisogeza kidole. "Kumbe," akasema. Kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyekuwa akiinama miaka yote chini ya mlango mrefu. "Kumbe!"

Akasaini. Nikampigia picha akiwa ameshika hati, kwa ajili ya ukurasa wetu wa mtandaoni.

Miezi michache baadaye faili ya ununuzi ilifika mezani kwangu kutoka kampuni ya ploti: ekari nne, Subukia, muuzaji wa Karagita. Nilitambua namba ya shamba kabla sijatambua jina. Upekuzi ulikuwa safi kama sahani ya hoteli ikingoja wageni. Mke wa muuzaji alitoa idhini, bodi ya ardhi ikatoa yake, mimi nikaandika mkataba. Neno "mama" halikutokea popote, na sikulitafuta.

Mama mwenyewe alikuja asubuhi moja na maziwa. Alikuwa hajui kwamba mzee amefariki, alitazama chumba cha mkutano, dirisha, viti vya ngozi, akauliza, "Mhindi amehama?"

"Alituacha, mama. Mimi ndiye meneja."

"Pole sana. Pole kwenu." Akakaa na kibuyu magotini. "Nimekuja kuona ile karatasi yangu. Kuna vijana wanapanda vikingi vyeupe kwa viazi. Nikawauliza, wakaniambia shamba limeuzwa. Nikawaambia haliwezi kuuzwa, karatasi iko kwa Mhindi."

"Hati ilichukuliwa, mama. Na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

Nikamtajia jina la mwanawe. Hakupiga kelele. Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa namba ya simu isiyo sahihi. "La, haiwezekani," akasema. "Mzee aliniambia hatampa mtu mpaka auone uso wangu."

"Iliandikwa wapi, mama?"

"Ilifungwa na uzi. Nilikuwa nimekaa hapa, nikaona yule mama akifunga. Uzi mwekundu."

Najua mahali pa kuficha uso wangu ofisini: nyuma ya skrini ya kompyuta. Nikajificha hapo, nikabonyeza bonyeza. Halafu nikampa ushauri wa kitaalamu. Nikamwambia atafute wakili mwingine haraka, kwa kuwa sisi tulikuwa tunamwakilisha mnunuzi na hatuwezi kukaa pande mbili.

"Wakili mwingine wa nini?" akauliza. "Si nyinyi ndio wakili wangu?"

Nikamfungulia mlango. Alisahau maziwa. Yalikuwa mazito, yakatosha chai ya ofisi nzima, na mtu mmoja akasema siku hizi maziwa ya pakiti hayafiki hapo.

Alipata wakili, mmoja wa wale vijana wa simu na chaja, na kijana huyo alikuwa mkali kuliko nilivyotarajia. Alimtafuta karani wetu wa zamani. Akaandika kortini kwamba shamba lilishikwa na mwana kwa niaba ya mama, kwamba ofisi yetu ililijua jambo hilo, na kwamba anachojua wakili wa mnunuzi, mnunuzi anahesabiwa amekijua. Hoja ilisimama vizuri kabisa. Kilichobaki ni mtu wa ofisini kukubali kwamba uzi ulikuwepo.

Bosi aliniita, akafunga mlango. "Kulikuwa na uzi?"

"Ulikuwepo."

"Wewe uliambiwa maana yake?"

"Nilikata kabla ya kuambiwa."

"Basi hukuambiwa," akasema. Hakuwa akinitisha. Alionekana amechoka tu. "Tukiwapoteza hawa watu wa ploti, nafunga. Watu kumi na mmoja watarudi nyumbani, wewe ukiwa wa kwanza. Andika."

Nikaandika hati ya kiapo. Nilisema kwamba mimi, meneja wa ofisi, sina kumbukumbu yoyote ya maagizo yaliyoachwa na mlalamishi. Nilipima kila neno. Maagizo hayakuachwa kwangu, kwa hiyo ningeyakumbukaje? Sentensi hiyo ingepita mtihani wa yule mwalimu wa mkongojo kwa alama za juu. Sijawahi kuandika kitu kilichonyooka hivyo na kuoza hivyo.

Siku ya kusikilizwa, kampuni ilileta wakili wa kukodi kutoka Nairobi ili sisi tuonekane wasafi. Akamsimamisha karani.

"Ulifutwa kazi na ofisi hii?"

"Nilistaafishwa. Nikapewa keki."

"Na una uchungu nao?"

"Ninao. Keki yenyewe ilikuwa kavu."

Watu wakacheka. Wakili naye akacheka, akangoja kicheko kiishe. "Huu uzi unaoutaja uko wapi?"

"Muulize yule pale," karani akasema, akaninyooshea mkono. "Ndiye alikuwa na makasi."

Korti yote ikageuka. Nami nikatabasamu, maana uso wangu haujui kufanya kitu kingine. Nadhani hakimu aliona mtu mcheshi anayesingiziwa. Mama alishindwa. Hukumu ilisema hapakuwa na maandishi wala shahidi asiye na kinyongo.

Walimpa siku za kuondoka, akaondoka kabla hazijaisha. Aliuza ng'ombe, akapanga chumba nyuma ya maduka hapo Subukia. Mimi nikafanywa mbia, jina langu likachorwa kwenye kibao cha chini, herufi kubwa kama za benki. Nilisimama kando ya barabara nikilitazama hadi muuza maji akaniuliza kama nimepotea.

Kisha ploti moja ikakataa kuuzika. Kaburi la mume lilikuwa katikati yake, chini ya miparachichi, na hakuna mteja anayelipia kaburi la mtu mwingine. Kampuni ikataka mwili ufukuliwe upelekwe makaburi ya umma. Kwa hilo ilihitajika idhini ya mjane. Ya mwana pekee haikutosha. Aliyekuwa mke wa marehemu mbele ya sheria alikuwa ni yule yule tuliyesema hana neno kwenye lile shamba.

Nikatumwa mimi. Nilibeba fomu, nakala zake, na kisanduku cha wino wa kuwekea kidole. Chumba chake kilikuwa kisafi, kitanda, jiko, mitungi miwili ya maji. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani. Kuandika hakujua, na kusoma pia.

"Wanataka kumtoa," akasema.

"Ndiyo, mama. Kwa heshima. Jeneza jipya, mchungaji, kila kitu."

"Nikikataa?"

"Watarudi kortini. Watashinda, lakini itachukua muda. Na watu watamkanyaga kila wikendi wakionyeshwa ploti." Huo ndio ulikuwa ushauri wangu, na ulikuwa wa kweli wote.

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu.

"Nitaweka kidole," akasema. "Lakini uandike hapo neno moja. Uandike kwamba alizikwa kwake. Kwamba lilikuwa boma lake na mke wake, si mahali pa kuokota. Sitaki kesho iandikwe tulikuwa tumejibanza kwa shamba la wenyewe. Hilo tu. Shamba lenyewe nimewachia."

Wakili yeyote anayesoma hapa ameona shida. Alikuwa na haki ya rufaa bado, siku zake zilikuwa hazijakwisha, na yule kijana wake alikuwa akinusa nusa. Mstari kama huo, kwenye karatasi ya mnunuzi, ulioandikwa kwa mkono wa wakili wa mnunuzi, ungekuwa mlango. Ekari nne zingeweza kurudi kupitia hapo.

Nikachukua kalamu. Nikainamia fomu, nikapitisha ncha juu kidogo ya karatasi, mstari mzima, bila kugusa. Kisha nikamsomea fomu yote kwa sauti, na nilipofika chini nikasoma: "Na ifahamike kwamba marehemu alizikwa katika boma lake mwenyewe, alilolijenga na mke wake."

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia, neno kwa neno, maana darasa la jioni hukufundisha kukariri.

"Ni maneno mazuri," akasema. Akabonyeza kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi, kwa nguvu, kama anayezuia kitu kisiruke. Chini yake mimi nikasaini kwamba nimemsomea yaliyomo kwa lugha anayoielewa.

Akaomba nakala. Sheria inasema apewe, nikampa. Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya Biblia. "Jumapili nitampelekea yule mama wa uzi anisomee tena," akasema. "Ana sauti nzuri yule."

Nilimwambia ni wazo zuri. Siku zilizofuata sikula vizuri, nami ni mtu wa kula sahani mbili na kuuliza kama kuna nyingine. Kila simu ilipolia nilidhani ni kijana wa chaja, au chama cha mawakili, au polisi. Haikuwa yeyote. Siku za rufaa zikaisha.

Walimfukua asubuhi, jua likiwa limetoka vizuri. Kampuni ilileta wafanyakazi wanne, mchungaji, na afisa wa afya mwenye glavu. Mama alisimama karibu kabisa na shimo, akiwaelekeza wanaume wapi wasikanyage. Kando yake alikuwa karani. Nilibaki kwenye kijia na faili kifuani.

Mama akaniona, akaja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wakili, asante," akasema. "Alinisomea. Mara mbili. Ule mstari wako aliusoma nikalia, halafu akausoma tena."

Nikamtazama karani juu ya bega lake. Amesoma nyaraka miaka zaidi ya thelathini, na anajua kilicho kwenye karatasi na kisichokuwepo. Alinitazama bila kupepesa, uso wake mkavu. Wanaume wakaanza kupanda na jeneza jipya mabegani, wakija kwenye kijia niliposimama.

"Sogea, Wakili," karani akaniambia. "Mwenye boma anapita."